Zabuni za Serikali na mfanyabiashara mdogo wa ukanda wa Jipe

Neno zabuni, au tenda kama wengi wanavyoliita mtaani, huwapeleka watu mawazo kwenye barabara za lami, mabwawa na makandarasi wenye magreda. Ni kweli hizo nazo ni zabuni. Lakini Serikali hiyohiyo hununua chaki, karatasi, mchele wa bweni, matairi ya gari la wagonjwa, madawati, mapazia ya zahanati na chai ya kikao cha madiwani. Taasisi ya umma hutangaza inachohitaji, wenye uwezo wa kukileta huandika bei na masharti yao, na anayetimiza vigezo kwa gharama nafuu hupewa mkataba. Seremala, mama lishe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na fundi cherehani wote wana kitu ambacho Serikali inakinunua.

Kata ya Jipe iko Wilaya ya Mwanga, kando ya ziwa linalokatwa na mpaka wa Tanzania na Kenya. Ni nchi ya uvuvi wa perege, ufugaji na kilimo cha tambarare kavu. Milima ya Pare Kaskazini, yenye Usangi na Ugweno, imesimama kati ya ziwa hilo na mji wa Mwanga, yaliko makao ya halmashauri. Kwa miaka mingi mlima huo ulikuwa sehemu ya gharama ya zabuni. Tangazo lilibandikwa ofisini au kuchapwa gazetini, nyaraka zikanunuliwa hukohuko, na bahasha iliyofungwa kwa lakiri ikatumbukizwa kwenye sanduku la zabuni kabla ya saa iliyotajwa. Gari likiharibika njiani, zabuni imekwisha. Mfanyabiashara wa mjini aliyekuwa hatua chache kutoka kwenye sanduku alianza mbio akiwa mbele.

Wanunuzi wenyewe katika eneo hili si wachache. Zipo halmashauri mbili, Same na Mwanga, zilizokuwa wilaya moja ya Pare hadi ilipogawanywa mwaka 1979. Barabara za vijijini ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017, na maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, iliyotokana na sheria ya mwaka 2019. Kuna TANROADS, TANESCO, shule za sekondari za bweni, hospitali za wilaya, na upande wa mashariki wa Same kuna Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008 na kusimamiwa na TANAPA. Mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota maji Bwawa la Nyumba ya Mungu na uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2025, si mkataba wa kikundi cha kijijini. Hata hivyo, mradi wa namna hiyo huhitaji mchanga, kokoto, usafiri na chakula cha vibarua wakati wa ujenzi, na ukishakamilika mtandao wa mabomba huhitaji matengenezo mwaka hadi mwaka.

Sheria inayotawala manunuzi yote hayo ni Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023, Sura ya 410, iliyoanza kutumika Juni 2024, ikafuatwa na kanuni zake mwezi uliofuata. Msimamizi ni Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA, yenye makao Dodoma na ofisi za kanda. Mabadiliko yanayomgusa zaidi mtu wa Jipe yalitangulia kidogo: mwaka 2023 Serikali iliacha mfumo wa TANePS na kuhamia NeST, mfumo wa kielektroniki uliojengwa na Watanzania, na kuanzia Oktoba mwaka huo taasisi za umma zikatakiwa kufanya manunuzi yao humo. Tangazo, nyaraka, maswali, bei, ufunguzi na tuzo vyote viko sehemu moja. Zabuni hubaki imefungwa hadi saa ya ufunguzi ifike. Sanduku la zabuni limeondoka Mwanga mjini, na mlima umeacha kuwa kikwazo.

Kilichobaki ni umbali wa aina nyingine, nao haupungui kwa bando peke yake.

Safari huanza kwenye utambulisho wa biashara. Mfanyabiashara anatakiwa awe na kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipa kodi (TIN) kutoka TRA, jina la biashara au kampuni iliyosajiliwa BRELA, na leseni ya biashara, ambayo kwa ngazi ya halmashauri huombwa kupitia mfumo wa TAUSI. Zabuni nyingi zitataka pia cheti cha TRA kinachoonyesha kuwa hana deni la kodi. Anayetaka kazi za ujenzi kama mkandarasi lazima asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, ambayo daraja lake la chini ni la saba. Mwenye TIN huingia NeST, akafungua akaunti, akachagua aina za biashara anazofanya, akapakia vyeti vyake. Hatua hiyo ya kuchagua aina ya biashara ina uzito kuliko inavyoonekana. Aliyejiandikisha kama muuza vifaa vya ofisi peke yake hawezi kuomba zabuni ya kupika chakula cha semina, hata kama jiko lake ndilo linalosifiwa kuliko yote pale kijijini.

Mahali ambapo wengi hukwama ni padogo mno: majina. Kitambulisho cha NIDA kina majina matatu, TIN ina mawili, leseni ina jina la duka, na BRELA kuna jina lililokosewa herufi moja. Mbele ya mteja wa kawaida hayo hayana maana yoyote. Mbele ya mfumo unaosomana na kanzidata za TRA na BRELA, huyo si mtu mmoja tena. Kuyasawazisha huchukua wiki, pengine zaidi, wakati zabuni ndogo inaweza kuwa wazi kwa siku chache tu. Ndiyo maana zabuni hupotea kabla haijatangazwa: mwenye karatasi zilizonyooka hukuta tangazo na kujaza bei, na asiye nazo hukuta tangazo na kuanza kutafuta nauli ya kwenda kurekebisha vyeti.

Kila taasisi ya umma hutakiwa kuandaa mpango wa ununuzi wa mwaka na kuutangaza. Huu ni waraka usiosomwa na wafanyabiashara wadogo wengi, na ni hasara kubwa kwao. Mpango huonyesha mapema ni vitu gani vitanunuliwa, kwa njia ipi na lini. Seremala wa Kwakoa aliyeona Julai kuwa halmashauri itanunua madawati robo ya tatu ya mwaka ana miezi sita ya kukausha mbao, kupatana bei na muuzaji na kutafuta mkopo. Aliyesubiri tangazo ana siku chache za kufanya yote hayo, tena kwa bei ya mtu mwenye haraka.

Njia za ununuzi hutofautiana kwa ukubwa wa fedha. Manunuzi makubwa hushindaniwa kitaifa au kimataifa. Yaliyo madogo hufanywa kwa kushindanisha bei za wazabuni au kwa utaratibu wa ununuzi wa thamani ndogo, wenye nyaraka nyepesi na muda mfupi, na hapo ndipo anapofaa kuanzia mfanyabiashara mchanga. Sheria ya sasa imewalinda pia wazawa katika ngazi ya juu: zabuni za ujenzi zisizozidi Sh bilioni 50 zimetengwa kwa kampuni za Kitanzania. Mkandarasi wa daraja la saba kutoka Same hatajenga mradi wa thamani hiyo, lakini kampuni ya Kitanzania inayoupata itakuwa na mafundi, malori na maduka ya kununulia hapahapa nchini, na mara nyingi hapohapo wilayani.

Kipengele kinachowahusu moja kwa moja watu wa vijijini ni asilimia 30. Kila taasisi nunuzi hutakiwa kutenga kiasi hicho cha manunuzi yake kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi hutambuliwa kupitia taasisi wezeshi, ambayo kijijini mara nyingi ni halmashauri yenyewe kwa mkono wa Idara ya Maendeleo ya Jamii, kisha husajiliwa katika NeST. Zabuni iliyotengwa kwa ajili yao haishindaniwi na kampuni kubwa. Ng'ambo ya ziwa, katika Kaunti ya Taita Taveta, Kenya wana utaratibu unaofanana, AGPO, ulioanza mwaka 2013, nao umetenga asilimia 30 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Wazee hawamo katika mgao wa Kenya. Tanzania imewaweka, na ni uamuzi wa busara, kwa sababu katika vijiji ambako vijana wameondoka kwenda mijini, wazee ndio waliobaki na ardhi, mifugo na ujuzi wa useremala.

Sheria ikishatenga asilimia 30, kazi haijaisha. Fungu hilo halijazwi na amri. Hujazwa na vikundi vilivyosajiliwa, vyenye akaunti ya benki, katiba, mihtasari ya vikao na mtu mmoja angalau anayeweza kukaa mbele ya kompyuta akapakia nyaraka bila kukosea. Kikundi cha kuweka na kukopa kilichodumu miaka kumi pembeni ya Ziwa Jipe kina jambo ambalo kampuni changa ya mjini haina: kumbukumbu ya watu walioaminiana kwa fedha. Kinachokosekana ni kuigeuza kumbukumbu hiyo kuwa karatasi zinazosomeka na mfumo. Hapa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ana kazi nzito kuliko inavyotambuliwa, na kwa haki halmashauri inapaswa kumpa kompyuta, bando na usafiri kabla ya kumdai takwimu za vikundi vilivyosajiliwa.

Mlango mwingine, ambao mafundi wengi wa Upare wameupitia bila kuuita zabuni, ni ujenzi wa force akaunti. Kwa utaratibu huu taasisi haimpi mkandarasi kazi yote. Hununua vifaa yenyewe na kupatana na fundi bei ya ufundi peke yake. Shule na zahanati nyingi zimejengwa hivyo. Mwaka 2021, Serikali ilipotumia mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa Sh trilioni 1.3 kukabili athari za UVIKO-19, madarasa 15,000 yalijengwa nchini kwa mtindo huo, na mafundi wa kata baada ya kata wakapata kazi. Kamati za shule husimamia ununuzi, mapokezi na ujenzi, na muuza saruji, misumari na mabati wa karibu ndiye anayeombwa bei. Mwenye duka asiye na mashine ya risiti za EFD hapo hana nafasi, kwani mwalimu mkuu hawezi kufunga hesabu ya fedha za umma kwa risiti ya kuandika kwa mkono. Fundi naye anayejenga kwa force akaunti ahifadhi kila mkataba na barua ya kukamilisha kazi, maana zabuni inayofuata itamuuliza uzoefu, na uzoefu usio na barua hauhesabiwi.

TARURA nayo ina kazi ndogo zinazoweza kufanywa na vikundi vya kijamii: kufyeka nyasi kandokando ya barabara, kuzibua mitaro, kuondoa mchanga kwenye makalavati. Katika milima ya Same, kwenye barabara za Suji, Mbaga na Gonja, mvua za masika hushuka na udongo na mawe, na mtaro usiozibuliwa Februari huwa korongo ifikapo Mei. Kazi hizo hazihitaji greda. Zinahitaji watu walio jirani na barabara.

Tatizo gumu kuliko yote liko kwenye bei, na hili linastahili mfano. Tuseme kikundi cha maseremala kimeshinda zabuni ya madawati 100 kwa Sh 70,000 kila moja. Mkataba ni wa Sh milioni 7. Mbao, misumari, rangi, ufundi na usafiri hadi shuleni vinagharimu Sh milioni 5.4, hivyo kwenye daftari kuna faida ya Sh milioni 1.6. Malipo yakitoka, mnunuzi wa Serikali huzuia asilimia 2 ya thamani ya bidhaa kama kodi ya zuio, yaani Sh 140,000, na kwa huduma kiwango huwa asilimia 5. Kodi hiyo huhesabiwa kwenye kodi ya mapato ya mwaka, lakini siku ya malipo haimo mkononi. Kikundi hakikuwa na mtaji, kikakopa Sh milioni 4 kwa mtu binafsi kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Malipo yakichelewa miezi minne, riba peke yake imefika Sh milioni 1.6. Madawati yamefika, wanafunzi wamekaa, kikundi kimebaki bila senti.

Hesabu hiyo ndiyo inayowaangusha wengi, kuliko hata vyeti. Mfanyabiashara mdogo akiona bei za wenzake hushusha ya kwake ili ashinde, akisahau kuwa mnunuzi huyu halipi siku ya kupokea mzigo. Malipo ya Serikali hupitia ukaguzi wa mzigo, hati ya mapokezi, ankara, risiti ya EFD, idhini na mfumo wa malipo wa MUSE, na hutegemea kama fungu la fedha limeshaingia. Bei isiyobeba gharama ya kusubiri ni bei ya hasara. Heri kukosa zabuni kwa bei halali kuliko kuipata kwa bei inayouza mbuzi wa nyumbani.

Njia ya kupunguza mzigo huo ipo. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejea mwaka 2024. Kikundi kilichosajiliwa kwa ajili ya mkopo huo na kwa ajili ya zabuni kwa wakati mmoja kina nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa mkataba wenyewe unaonyesha fedha zitarudi kutoka wapi. Wazee, waliomo kwenye asilimia 30 ya zabuni, hawamo kwenye asilimia 10 ya mikopo, na hilo ni pengo linalostahili kuzibwa. Kuhusu dhamana, wazabuni wadogo mara nyingi hutakiwa kusaini tamko la dhamana ya zabuni badala ya kuleta dhamana ya benki. Ni nafuu kubwa, ila si mzaha: anayeshinda kisha akakimbia mkataba anaweza kufungiwa kushiriki zabuni za umma.

Zabuni zikifunguliwa, kamati ya tathmini huanza na masharti ya awali kabla ya kufika kwenye bei. Cheti kilichopitwa na muda, fomu isiyosainiwa au kiambatisho kilichosahaulika vinatosha kumtoa mtu, hata awe na bei nzuri kuliko wote. Wazabuni hutaarifiwa kusudio la kumpa mshindi mkataba, pamoja na sababu za walioshindwa, ili asiyeridhika alalamike kwa Afisa Masuuli wa taasisi hiyo, ambaye kwenye halmashauri ni Mkurugenzi Mtendaji. Akiona hakutendewa haki hukata rufani kwa Mamlaka ya Rufani za Zabuni, PPAA. Muda wa kulalamika ni mfupi na unahesabiwa, kwa hiyo taarifa hiyo isomwe siku ileile inapoingia. Hata asiyetaka kulalamika anapaswa kuisoma, kwani hakuna mwalimu wa zabuni aliye bora kuliko sababu iliyoandikwa ya kushindwa.

Kuna desturi moja inayoharibu yote haya. Mfanyabiashara mwenye fedha hukiendea kikundi cha wanawake au vijana, akatumia usajili wao kuomba zabuni iliyotengwa, akaitekeleza mwenyewe na kuwaachia wanakikundi kitu kidogo cha kugawana. Kwenye takwimu asilimia 30 imetimia. Kijijini hakuna aliyejifunza kujaza bei, hakuna aliyepata uzoefu wa kuandikwa, na deni au kosa likitokea linabaki kwa waliosaini. Ni wizi wa fursa waliyopewa wanyonge, na kikundi kinachokubali hukodisha jina lake kwa bei ya chini kuliko thamani yake. Mwenye kuombwa rushwa ili apewe zabuni ana TAKUKURU wilayani, na ushahidi wa ujumbe wa simu una nguvu kuliko manung'uniko ya kijiweni.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1. Kikundi au mwenye duka wa Jipe anayetaka kushiriki zabuni za mwaka unaokuja asawazishe majina yake NIDA, TRA na BRELA, ahuishe leseni na akamilishe usajili wa NeST kabla Juni haijaisha, kisha aufungue mpango wa ununuzi wa halmashauri yake na kuusoma hadi ukurasa wa mwisho.